Ufunguo wa pamoja kwa kundi la watu 120: wapi unatosha, wapi unavuja

SWALI: Ninatengeneza programu ya gumzo kwa chama cha akiba cha madereva wa boda boda hapa Arua. Tuko 120. Kwa sasa simu inasimba kila ujumbe mara 119, kila mwanachama kwa ufunguo wake, na data inaisha upesi, hasa zikitumwa picha za risiti. Nimefikiria tuwe na neno la siri moja la kundi, nilipitishe kwenye SHA-256 (hesabu inayogeuza maneno kuwa alama, yaani heshi, ya baiti 32 isiyorudishika), kisha sote tutumie ufunguo utakaopatikana. Je, ni salama? Mtu akitoka chamani tufanyeje? Simu nyingi huku ni za bei nafuu.

JIBU: Ndugu yangu, wazo la ufunguo wa pamoja ni zuri, na hata programu kubwa za gumzo zinalitumia. Kosa liko mahali pawili: kwenye neno la siri, na kwenye kuufanya ufunguo huo uwe mmoja tu wa kundi zima usiobadilika. Kinachokufaa ni kila mtumaji awe na ufunguo wake wa kutumia kundini, wanachama wote waupokee, usogee mbele kila anapotuma ujumbe, na utupwe pale mtu anapotoka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyokuleta. Chukua ujumbe wa baiti 160. Ukimsimbia mtu mmoja, pamoja na kichwa (namba za kuutambulisha ujumbe) na muhuri wake (baiti za kuthibitisha kwamba haukuchezewa), tuseme unafika baiti 250. Mara 119 ni baiti 29,750, karibu kilobaiti 30 kwa sentensi moja. Kundi likiandika ujumbe 300 kwa siku, simu zenu kwa jumla zinapandisha megabaiti 8.9. Ukisimba mara moja tu na kuiachia seva kazi ya kugawa nakala, ujumbe uleule unakuwa na baiti 160 za maneno, 13 za kichwa (bila kuhesabu namba ya kundi na ya mtumaji), 16 za muhuri na 64 za sahihi, jumla 253. Ujumbe 300 ni kilobaiti 76. Angalia lakini kwamba unachookoa ni data ya kupandisha, betri na muda wa kichakato. Upande wa kupokea haubadiliki, maana kila simu ilikuwa inapokea nakala moja tu tangu mwanzo.

Sasa neno la siri. SHA-256 imeundwa iwe ya haraka, na haraka hiyo inamsaidia anayebahatisha. Neno la watu 120 litakuwa jepesi, kwa sababu lazima wote walikumbuke na litamkwe kwenye steji. Likiwa tarakimu sita, uwezekano ni 1,000,000, na kompyuta ya kawaida inaumaliza kwa sekunde chache bila kugusa seva yako: inahitaji ujumbe mmoja tu uliosimbwa. Hata ukitumia Argon2 (hesabu ya maneno ya siri iliyofanywa nzito makusudi) ili kupunguza kasi, bado umebaki na ufunguo mmoja ambao aliyefukuzwa mwezi uliopita anaukumbuka, na simu moja ikiibiwa gumzo zima tangu siku ya kwanza linasomeka. Neno la siri lifungie programu kwenye simu ya mtu mwenyewe. Funguo za kundi zitoke kwenye kizalishi cha namba nasibu cha mfumo.

Usiufute usimbaji wa wawili-wawili ulio nao sasa. Utakuwa njia ya kupitishia funguo, badala ya kubeba kila ujumbe.

Simu ya mtumaji, mara ya kwanza inapotaka kuandika kundini, itengeneze vitu viwili: ufunguo wa mnyororo (ambao funguo za ujumbe zitatolewa kwake, mmoja baada ya mwingine) wa baiti 32, nasibu kabisa, na jozi ya funguo za sahihi za Ed25519, yaani wa siri wa kuweka sahihi na wa wazi wa kuithibitisha. Kisha ifunge kifurushi chenye namba ya kundi (baiti 16), namba ya awamu, yaani huu ni ufunguo wa ngapi wa mtumaji huyu (4), namba ya ujumbe mnyororo ulipofikia (4), ufunguo wa mnyororo (32) na ufunguo wa wazi wa sahihi (32). Hizo ni baiti 88. Kikishavaa ganda la usimbaji wa wawili kinafika kama baiti 150, na kikitumwa kwa watu 119 ni baiti 17,850. Linganisha: kugawa ufunguo kwa kundi zima ni nafuu kuliko ujumbe mmoja wa mfumo wako wa sasa, na unaugawa mara moja, kisha unautumia kwa ujumbe mwingi. Usitengeneze ufunguo wa kila mwanachama siku ya kujiunga. Katika makundi mengi wanaoandika ni wachache na wengine husoma tu, kwa hiyo subiri mpaka mtu aandike. Na ukihesabu, hesabu simu wala si watu. Mwenye simu mbili anapokea vifurushi viwili.

Kutuma kunakwenda hivi. Kutoka kwenye mnyororo wa sasa unatoa vitu viwili kwa HMAC-SHA256, yaani SHA-256 inayochanganywa na ufunguo; kinachotofautisha hesabu hizo mbili ni baiti moja tu inayoingizwa:

mbegu ya ujumbe = HMAC-SHA256(mnyororo, 0x01)
mnyororo mpya = HMAC-SHA256(mnyororo, 0x02)

Mbegu inapita kwenye HKDF (hesabu ya kurefusha mbegu kuwa funguo) na kutoa baiti 44: 32 ni ufunguo wa ujumbe huu, 12 ni namba yake ya mara moja, isiyopaswa kurudiwa na ufunguo uleule. Mnyororo wa zamani unafutwa. Kwa kuwa HMAC hairudi nyuma, mwizi anayeikamata simu leo hawezi kutoka kwenye mnyororo wa leo hadi funguo za jana. Maneno yasimbwe kwa ChaCha20-Poly1305 (ChaCha20 inasimba, Poly1305 inaweka muhuri), na zile sehemu zisizosimbwa, yaani namba ya kundi, ya mtumaji, ya awamu na ya ujumbe, ziingizwe kama data ya ziada inayolindwa na muhuri ili mtu asizibadilishe njiani. Mwisho, matokeo yote yawekewe sahihi.

Sahihi hiyo ya baiti 64 wengi huiondoa kwa kuona inakula nafasi. Usiiondoe. Muhuri wa Poly1305 unasema tu kwamba ujumbe umetoka kwa mtu mwenye ufunguo, na ufunguo wa mweka hazina mmeupokea watu 119. Yeyote kati yao akishirikiana na mtu aliye kwenye seva anaweza kusimba "Leo tumeni akiba kwenye namba hii mpya" na ukatokea kwa jina la mweka hazina, muhuri sahihi kabisa. Kwenye chama cha akiba, huo ni wizi uliokamilika. Ufunguo wa siri wa Ed25519 haumo kwenye kifurushi, uko kwenye simu ya mweka hazina peke yake, na ndiyo maana sahihi inatofautisha anayeweza kusoma na anayeweza kuandika.

Simu inayopokea ithibitishe sahihi kwanza, ndipo isogeze mnyororo. Ujumbe utafika bila mpangilio, 57 kabla ya 55, hasa mtandao unapokatika na kurudi. Hapo simu inasogea hadi 57, inahifadhi funguo za 55 na 56 pembeni, na kufuta kila moja baada ya kutumika. Weka kikomo. Kuruka hatua 2,000 kunatosha kwa kundi lenu. Bila kikomo, kichwa chenye namba ya ujumbe ya bilioni nne kitaifanya simu ihesabu HMAC mpaka betri iishe.

Ukichagua ChaCha20 badala ya AES, algoriti nyingine ya kusimba iliyoenea, utakuwa umewajali wenye simu za bei nafuu. Vichakato vya zamani vya biti 32 kama Cortex-A7 havina maagizo maalumu ya AES, hivyo AES inafanyika kwa programu tupu, polepole, na isipoandikwa kwa uangalifu mkubwa inaweza kuvujisha siri kupitia muda inaotumia. ChaCha20 ni kujumlisha, kuzungusha biti na XOR tu (kulinganisha biti mbili: zikifanana ni 0, zikitofautiana ni 1), na simu yoyote inaweza. Usiandike algoriti hizi mwenyewe. Maktaba ya libsodium inazo zote na inaendeshwa vizuri kwenye Android. Ukipenda kuchukua mfumo mzima uliokwisha kujengwa, angalia libsignal, maktaba ya programu ya gumzo ya Signal, maana utaratibu huu wa ufunguo wa mtumaji umo ndani yake.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kuhifadhi. Tuseme simu imesimba ujumbe namba 40, imeutuma, kisha programu imekufa kabla ya kuandika mnyororo mpya kwenye hifadhidata. Ikiwashwa tena inaanza palepale, na ujumbe unaofuata unasimbwa kwa ufunguo uleule na namba ileile ya mara moja. Chukua "Lipa 50000" na "Lipa 80000". Aliyenasa nakala zote mbili anazifanyia XOR, ule mkondo wa siri (baiti ambazo ChaCha20 inazichanganya na maneno) unajifuta, na anabaki na sifuri kila mahali isipokuwa baiti ya sita, yenye thamani 0x0D, ambayo ndiyo XOR ya tarakimu 5 na tarakimu 8. Hajavunja algoriti yoyote, na tayari anajua ni wapi ujumbe unatofautiana na kwa kiasi gani. Akijua mmoja, wa pili ameusoma wote. Kwa hiyo mpangilio ni huu bila kubadilisha: toa ufunguo wa ujumbe, andika mnyororo mpya kwenye hifadhidata na uhakikishe umeandikwa, ndipo usimbe na utume. Simu ikifa katikati umepoteza namba moja tu, na wapokeaji watairuka.

Chelezo (backup) inaleta balaa hilohilo. Android, tangu toleo la 6.0, inaweza kuhifadhi data za programu yenyewe bila kumwuliza mtumiaji. Mtu akinunua simu mpya na kurejesha chelezo ya wiki iliyopita, mnyororo wake wa kutumia umerudi nyuma wiki nzima. Ondoa faili za funguo kwenye chelezo hiyo kabisa, na kwa uhakika zaidi, programu ikigundua imerejeshwa itupe ufunguo wake wa kutumia na kuanza awamu mpya. Hifadhidata yenyewe isimbwe kwa ufunguo uliofungwa ndani ya Android Keystore, sehemu ya Android ya kutunzia funguo.

Sasa mtu anapotoka. Kusogea kwa mnyororo hakukusaidii kitu hapa, kwa sababu aliyetoka anao mnyororo na anajua kuusogeza mbele kama nyinyi. Seva ikiacha kumpelekea ujumbe, mnalindwa na seva peke yake. Kila aliyebaki lazima atupe ufunguo wake wa kutumia, ufunguo wa mnyororo na jozi ya sahihi, na kugawa vipya kwa 118 waliobaki. Hiyo ni baiti 17,700 kwa kila mtumaji, na tena si lazima wote wafanye saa ileile. Simu iweke alama kwamba ufunguo umekufa, itengeneze mwingine mwenye simu atakapoandika tena.

Kuna pengo ambalo huwaponyoka wengi. Mwanachama yuko njiani kwenda Koboko, hana mtandao, anaandika ujumbe unaomhusu aliyefukuzwa asubuhi. Simu yake haijajua. Ikisimba mara tu anapobonyeza kutuma na kuuweka kwenye foleni, mtandao ukirudi ujumbe utaondoka na ufunguo wa zamani. Dawa ni mbili, na zinahitajiana. Foleni ishike maneno yakiwa chini ya usimbaji wa hifadhidata ya simu, na usimbaji wa kundi ufanyike dakika ya kuondoka. Pili, kila ujumbe ubebe namba ya toleo la orodha ya wanachama, na seva ikatae wenye toleo lililopitwa. Simu ikikataliwa inavuta orodha mpya, inatengeneza ufunguo mpya, inasimba upya na kutuma.

Anayeingia ni rahisi zaidi: mpe mnyororo ulipofikia sasa, usimpe wa mwanzo. Atasoma kuanzia hapo tu.

Lakini nani anasema huyu ameingia na yule ametoka? Ukiiachia seva orodha, umeiachia seva kundi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwenye WhatsApp mwenye kuidhibiti seva angeweza kumwingiza mtu kundini bila idhini ya msimamizi, na simu za wengine zikamgawia funguo kwa hiari yake. Kwenu ninyi dawa ni nyepesi kuliko kwa kampuni yenye watumiaji wa dunia nzima, kwa kuwa mnakutana ana kwa ana. Siku ya mkutano, katibu na mweka hazina wachanganue kwa kamera msimbo wa QR wa ufunguo wa kitambulisho wa kila mwanachama, na kila mmoja wao aweke sahihi kwenye orodha. Mwanachama naye achanganue misimbo miwili tu, ya katibu na ya mweka hazina. Baada ya hapo simu ikubali orodha yenye sahihi zote mbili na namba ya toleo iliyo kubwa kuliko ya mwisho iliyoiona. Mtu akibadilisha simu, ufunguo wake wa kitambulisho umebadilika, na anapaswa kusubiri mkutano au awatafute wale wawili. Atanung'unika. Kubali manung'uniko hayo, kwa sababu njia ya mkato hapo ndiyo njia ya tapeli.

Vilevile simu ikikosa ufunguo wa mtumaji fulani, iuombe kwa mtumaji huyohuyo, ioneshe "ujumbe huu unasubiri ufunguo" na ingoje. Isikubali kamwe ufunguo wa mweka hazina uliopelekwa na mtu wa tatu. Na anayeombwa aangalie orodha kwanza: mwombaji asiyekuwamo asijibiwe.

Picha za risiti zina njia yake. Picha ya kilobaiti 300 kwa watu 119 ni megabaiti 35.7, na hapo ndipo data yenu inapoishia. Punguza picha, tengeneza ufunguo nasibu wa baiti 32 wa picha hiyo peke yake, isimbe, ipandishe kwenye seva mara moja. Ndani ya ujumbe wa kundi weka anwani ya faili, ule ufunguo, na heshi ya SHA-256 ya faili lililosimbwa. Mpokeaji alinganishe heshi kabla ya kufungua. Asiyetaka kuiona picha haivuti, na data yake inabaki salama.

Jambo dogo linalowahusu hasa vyama vya akiba: usimbaji hauufichi urefu. Mkipigia kura ombi la mkopo, "ndiyo" ina herufi tano na "hapana" ina sita, na anayeangalia seva anahesabu kura bila kufungua ujumbe hata mmoja. Jaza kila ujumbe ufike urefu unaogawanyika kwa 160 kabla ya kuusimba. Hiyo ndiyo sababu nilitumia 160 kwenye hesabu za juu.

Udhaifu mmoja wa utaratibu huu ni kwamba haujiponyi. Mtu akinakili mnyororo wa simu bila mwenyewe kujua, atasoma kila kitakachofuata mpaka ufunguo ubadilishwe. Kwa hiyo ubadilishe kwa ratiba pia, hata kama hakuna aliyetoka. Mfumo wa gumzo wa Matrix umejiwekea ujumbe 100 au wiki moja, chochote kitakachotangulia, na kwenu kiwango hicho kinafaa bila kurekebisha.

Utasikia pia kuhusu MLS (Messaging Layer Security), kiwango cha usimbaji wa makundi kilichotolewa na IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2023 kama RFC 9420. Chenyewe kinapanga wanachama kwenye mti wa funguo, ili kumtoa mmoja kati ya 1,024 kuhitaji usimbaji kama mara 10 mti ukiwa umejaa vizuri, badala ya mara 1,023, na kinajiponya kila mwanachama anapoweka funguo mpya. Ni kazi nzuri sana. Bei yake ni kwamba mabadiliko yote ya kundi lazima yafuatane kwenye mstari mmoja ambao kila simu inaukubali, na simu zinazopotea mtandaoni kwa siku mbili zinaifanya hesabu hiyo kuwa ngumu kuandika na ngumu kurekebisha. Kwa watu 120, ufunguo wa mtumaji unatosha. Mkifika maelfu, hamia MLS.

Kwa kuwa mnashika namba za simu na rekodi za fedha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inawagusa. Usimbaji huu unapunguza sana mnachoweza kukipoteza seva ikivamiwa, lakini orodha ya wanachama na saa za kutuma bado zinaonekana huko, kwa hiyo zifute mnapokuwa hamzihitaji.

Kabla ya kuwapa wanachama, fanya majaribio mawili. La kwanza, iue programu kwa nguvu mara 100 katikati ya kutuma, kisha pitia rekodi ya seva: kwa mtumaji mmoja na awamu moja, namba ya ujumbe isijirudie hata mara moja ikiwa na maneno tofauti. La pili, chukua simu tatu. Weka ya kwanza kwenye hali ya ndege, andika ujumbe kwenye simu hiyo na ubonyeze kutuma, kisha itoe simu ya tatu kundini kwa kutumia sahihi za viongozi. Washa mtandao wa simu ya kwanza, nakili kutoka kwenye seva ujumbe ulioondoka, na ujaribu kuufungua kwa funguo zilizobaki kwenye simu ya tatu. Ukifunguka, rudi kwenye foleni yako: bado inasimba mapema.